Kurekebisha kabureta katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira

Kurekebisha kabureta ni kuweka sawa kiasi cha petroli kinachochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Kwa gari la zamani lililotoka kufanyiwa ovaholi, kazi hii ndiyo inayoamua kama ringi, pistoni na beringi mpya zitadumu. Katika kaunti za Kisii na Nyamira kuna jambo moja linaloitofautisha na kazi hiyo hiyo ikifanywa Mombasa: mwinuko wa ardhi.

Magari yanayohusika ni Land Rover za petroli, Volkswagen, pikapu za Datsun na, zaidi ya yote, Peugeot. Modeli ya 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Pikapu za 504 ziliunganishwa Mombasa, na steshenwageni zake ndefu zenye safu tatu za viti zikawa matatu za masafa marefu. Ni vigumu kumpata msafiri wa enzi hizo kati ya Kisii na Nairobi ambaye hakuwahi kubanwa kwenye kiti cha nyuma kabisa cha 504.

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira zinafika mita 2,000 na kupita. Hewa ya huko ni nyepesi: ujazo ule ule una uzito wa takriban asilimia 85 tu ya hewa ya pwani. Injini hupoteza nguvu kwa sababu hiyo, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha kwa bisibisi. Kinachoweza kurekebishwa ni petroli. Kabureta hunyonya petroli kwa kasi ya hewa inayopita kooni, haipimi uzito wa hewa hiyo, kwa hiyo hewa inapopungua uzito petroli haipungui kwa kiwango kile kile. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya maeneo ya chini, ikitumiwa Kisii, hutoa mchanganyiko uliozidi petroli kwa kama asilimia 8.

Dawa yake ni jeti, kipande chenye tundu ambamo petroli hupita. Katika kabureta za Solex na Weber, namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 130 ni milimita 1.30. Kushuka hadi 125 hupunguza eneo la tundu kwa asilimia 7 hivi, karibu kabisa na kile ambacho mwinuko unadai. Tofauti hiyo ndogo haionekani kwa macho. Ndiyo maana jeti iliyowahi kuchokonolewa kwa waya, au kujazwa risasi kisha kutobolewa upya, haifai tena hata kama namba yake bado inasomeka. Jeti husafishwa kwa kupulizwa.

Petroli iliyozidi huiumiza injini mpya kuliko ile iliyozoea. Ringi mpya zinahitaji kusuguana na ukuta wa silinda uliochongwa hadi zikubaliane, na oili nyembamba inayobaki ukutani ndiyo inayozilinda. Petroli isiyoungua huiosha oili hiyo, ikateremka hadi kwenye sampu na kuizimua oili yote. Ringi hushindwa kukaa, injini ikaanza kula oili, na mwenye gari akarudi gereji kulalamika kwamba amewekewa ringi bandia. Mara nyingi ringi hazina hatia. Moshi ungemweleza mapema: mweusi ni petroli, wa buluu ni oili. Mweupe wa asubuhi ya baridi Nyamira ni mvuke tu, lakini usipoisha injini ikishapata moto, gasketi ya hedi ikaguliwe.

Kabureta haiguswi kabla mengine hayajakamilika. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi. Kwenye 504 ya kabureta ni milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Hufuata pointi, plagi na taimingi. Kisha hutafutwa hewa ya wizi kwenye maungio ya manifoldi: fundi hudondosha maji kidogo hapo injini ikinguruma, na slo (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ikibadilika, gasketi inavuja. Kiwango cha petroli kwenye bakuli la floti pia hukaguliwa, kwa sababu floti iliyotoboka huleta dalili zile zile za jeti kubwa.

Hapo ndipo injini hupashwa moto kabisa na choki kurudishwa ndani. Skrubu ya mchanganyiko hukazwa taratibu hadi iguse, bila kulazimishwa, ikarudishwa mzunguko mmoja na nusu. Fundi huizungusha kidogo kidogo akisikiliza mahali injini inapokwenda kasi na laini zaidi, hupunguza slo kwa skrubu yake, kisha hurudia. Kabureta za SU hazina jeti ya kubadilishwa namna hiyo. Pistoni iliyo ndani ya kabureta yenyewe huinuliwa kama milimita moja: injini ikipanda kasi na kubaki juu, petroli imezidi, ikitaka kuzima, imepungua, ikipanda kidogo na kutulia, iko sawa.

Slo nzuri gereji haithibitishi jeti kuu. Hiyo hupimwa kwa mzigo, na mpando wa kutoka Kisii kwenda Keroka unatosha. Baada ya kupanda kwa nguvu, gari huegeshwa mahali salama, injini huzimwa hapo hapo na plagi kufunguliwa. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa; masizi meusi makavu ni petroli nyingi, na nyeupe ni hatari.

Weupe huo ndio unaomzuia fundi kupunguza jeti kupita kiasi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na gari la Nyamira lililobanwa petroli likishuka kupitia Oyugis hadi tambarare yenye joto ya Kano, likakimbizwa, mchanganyiko mkavu unaweza kuunguza valvu za kutoa. Kwa gari linalopanda na kushuka, ni busara kulirekebisha mjini Kisii na kukubali wingi kidogo wa petroli huko juu Nyamira, kwa mfano Nyansiongo. Dereva naye arudishe choki mapema. Kupanda milima choki ikiwa bado imevutwa nusu kunaharibu kazi yote.

Marekebisho ya kwanza ni ya muda. Injini mpya ni nzito, na inapolegea slo hupanda yenyewe. Baada ya kama kilomita 1,000 oili hubadilishwa, tapeti hupimwa tena na kabureta hurekebishwa upya.

Jeti halisi za Solex hutafutwa hasa Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Mafundi wanaozeeka wamezoea kuzihifadhi kwenye mikebe. Vijana waliojifunza kwa magari ya Kijapani ya sindano za kompyuta hawajazizoea, ila wale wanaotengeneza bodaboda: kabureta ya pikipiki ina floti, jeti na skrubu za aina hiyo hiyo, na wao huifungua karibu kila siku.