Deni la Zimwi: Kong, Kiranga na Paa wa Sultani Darai

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, kama ilivyo kwingi Tanzania, filamu za mazimwi ziliwafikia watu wengi kupitia vibanda vya video, vile vinavyoitwa banda umiza. Mara nyingi zilifika zikiwa na sauti ya Mswahili anayesimulia juu ya maneno ya waigizaji. Ndani ya banda huketi watazamaji ambao babu na bibi zao walikuwa na visa vyao wenyewe vya mtu na mnyama wa kutisha. Basi swali linalostahili kuulizwa ni hili: uhusiano wa moyo kati ya binadamu na dubwana, unaotoa watu machozi mbele ya skrini, ni jambo geni katika nyanda za juu za Kigoma? Nikiviweka visa hivi kando kwa kando naona kwamba hakuna utamaduni unaoukosa uhusiano huo. Kinachotofautiana ni nani anamdai nani.

Tuanze na Kong. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1933, iliongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack. Gorila yule anayeonekana mkubwa kuliko nyumba alikuwa sanamu ya kimo cha sentimita 45 hivi, yenye mifupa ya chuma na ngozi ya sungura. Willis O'Brien na wenzake waliisogeza kidogo, wakapiga picha moja, wakaisogeza tena. Vidole vyao viliacha alama kwenye manyoya, na ndiyo sababu mtazamaji makini huyaona manyoya ya Kong yakitetemeka hata pasipo upepo. Katika filamu hiyo mapenzi ni ya upande mmoja: Kong anamtaka Ann, mwanamke aliyefika kisiwani kwake, naye Ann hana la kumjibu ila mayowe. Katika filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2005 mambo yamegeuka. Ann anacheza mbele ya Kong, anarusha mawe na kuyadaka ili kumchekesha, kisha wanakaa pamoja kutazama jua likizama. Andy Serkis, aliyemwigiza Kong huyo, alikwenda Rwanda kuwatazama gorila wa milimani, na mienendo ya uso wake ikanaswa na kompyuta ikawa uso wa mnyama.

Kwa hiyo ndani ya jadi moja, kwa muda wa miaka 72, hofu imegeuka kuwa urafiki. Lakini jambo moja halikubadilika: kifungo ni cha wawili tu. Jamii yote iliyobaki, yaani waandishi wa habari, askari, marubani na watu waliolipa kiingilio, imesimama nje yake. Kong ametolewa kisiwani kwake kwa minyororo ili awe maonyesho New York. Anadai haki yake, na hakuna anayemlipa.

Katika Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, kisa kinachokaribiana na hiki kimo ndani ya ibada ya Kiranga, iliyoenea Burundi na Buha, ambayo Wanyarwanda wanaihusisha na jina la Ryangombe, na ambayo ina ndugu yake katika uswezi wa Wanyamwezi na Wasumbwa. Ryangombe ni mwindaji shujaa. Mama yake anaota ndoto mbaya na kumkataza kwenda kuwinda, yeye anakwenda. Porini anakutana na mwanamke kijana asiye na matiti, mwenye mtoto, ambaye anamwomba ngozi ya kumbebea mtoto huyo. Mwanamke yule anageuka mbogo na kumpiga pembe. Shujaa anakata roho chini ya mti wenye maua mekundu, na tangu hapo waumini wa ibada hiyo wanauheshimu mti huo na kukusanyika mbele yake.

Tazama jinsi visa viwili vinavyopishana. Kwa Kong mnyama ndiye anayekufa, na kifo chake kinafunga hadithi. Kwa Ryangombe mtu ndiye anayekufa, na kifo chake kinafungua ibada. Mmarekani anauliza kama mnyama ana moyo wa kibinadamu. Msimulizi wa nchi za maziwa anauliza kama mtu anayekutana naye njiani ni mtu kweli. Hata hivyo visa vyote viwili vinajua kwamba kumsogelea kiumbe wa porini kuna gharama.

Japani ilichukua njia ya tatu. *Godzilla* ya Ishirō Honda ilitoka Novemba 1954, miezi michache baada ya wavuvi wa meli ya Lucky Dragon kupatwa na majivu ya bomu la nyuklia lililojaribiwa na Marekani huko Bikini. Ndani ya zimwi lile alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, akibeba vazi la uzito wa karibu kilo 100 na kutembea juu ya jiji la vijumba lililojengwa na mafundi wa Eiji Tsuburaya. Hapa hakuna msichana wa kupendwa. Kuna mzee Yamane, mtaalamu wa viumbe vya kale, anayehuzunika kwa sababu watu wanataka kumwua kiumbe ambaye bomu lao limemwamsha. Kuna pia Serizawa, mwanasayansi anayekubali kufa pamoja na zimwi chini ya bahari ili silaha yake isitumiwe tena. Uhusiano huu hauna mahaba, lakini ni wa moyo: ni huzuni ya wanaojua kwamba adui yao ametokana na makosa ya wanadamu wenzao.

Pwani ya Waswahili nayo ina jibu lake. Katika hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 kuna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja anaokota thumuni jalalani na kununulia paa. Paa huyo anamposea binti wa sultani, anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya nyoka huyo pamoja na mali yake yote. Kisha paa anaugua. Hadithi inatua hapo kwa undani wa kuumiza: kizee mtumishi anapanda na kushuka ngazi akileta habari za mgonjwa, mke anataka kumhudumia, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama duni wasioula ila watu hohehahe. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na ni sultani, baba wa mke, anayekuja kumtoa na kumzika. Bwana anaota anachakura jalala. Anapoamka, yupo jalalani kweli.

Katika mkusanyiko huohuo kuna kisa kinachoelekea upande wa pili. Sultani Majnun ana paka. Paka anakula ndama, mbuzi, ng'ombe, hata watoto wa watu, na kila wanapomlalamikia sultani anajibu kwamba paka ni wake na wanaoliwa ni wake. Hazinduki mpaka paka, aliyekwisha kuwa zimwi liitwalo Nunda, anapowala watoto wa sultani mwenyewe. Kisa cha kwanza kinamlaumu aliyempenda mnyama kidogo kuliko ilivyostahili; cha pili kinamlaumu aliyempenda kupita haki za jirani. Hollywood huuona upendo kwa zimwi kuwa wema kila unapotokea. Wasimulizi wa Unguja waliupima kwanza, wakauliza nani analipa gharama yake.

Mtu wa Buha ana namna yake ya kulielewa jambo hili. Katika falme za Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, ng'ombe aliyetolewa na mwenye mifugo kwa mtu mwingine aliwafunga wawili hao kwa huduma na ulinzi. Utaratibu huo uliitwa ubugabire. Haukuwa usawa, na haifai kuusifu kana kwamba ulikuwa hivyo. Lakini uliwafundisha watu kwamba mnyama anaweza kuwa ndiye mkataba, na kwamba aliyepokea hana haki ya kusahau. Kwa macho hayo, Kong anaweza kutazamwa kama kiumbe aliyechukuliwa bila kulipwa, si mpenzi aliyekataliwa tu.

Ufundi nao una cha kulinganishwa. O'Brien aliingiza pumzi kwa vidole, Nakajima kwa mwili wote, Serkis kwa uso. Katika ibada ya Kiranga, mtu aliyeingizwa huvaa nafsi ya roho na kusema kwa sauti yake. Bandani ni msimulizi, kama Kapteni Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, anayempa kiumbe wa kigeni maneno ya Kiswahili na kumweleza mtazamaji kwa nini analia. Zana hazifanani hata kidogo. Kazi ni moja: binadamu anakubali kukaa ndani ya kisicho binadamu mpaka wengine wakiamini.

Mkoa wa Kigoma una pia kisa kisicho cha kubuni. Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alifika Gombe, na sokwe aliyemwita David Greybeard akawa wa kwanza kumzoea. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi Mahale. Gombe waliwavuta sokwe kwa ndizi, Mahale kwa miwa. Wote walijenga uhusiano kwa kutoa chakula. Gombe ndizi zilileta ugomvi, ugawaji ukapunguzwa na hatimaye ukaachwa. Watanzania kama Hilali Matama waliwafuata sokwe hao kwa miaka mingi na kuwatambua mmoja mmoja. Na mwaka 2002 Frodo, sokwe aliyejulikana sana, alimnyakua mtoto mdogo hukohuko Gombe na kumwua. Msiba ule hauufuti upendo wa watafiti, na upendo huo hauupunguzi msiba wa mama. Msimulizi wa Nunda angevielewa vyote viwili.

Kutokana na haya yote natoa hukumu moja. Madoido ya kompyuta hayamlizi mtu kwa ukubwa wake. Yanamliza pale yanapodhihirisha kwamba kiumbe yule anadai kitu, na kwamba sisi ndio tunaodaiwa. Marekani imeweka deni hilo machoni mwa wawili, Japani katika dhamiri ya taifa, Unguja katika bakuli la uji wa mgonjwa, na Buha katika onyo la mama kwa mwanawe mwindaji. Mussa Banzi alionyesha kwa *Shumileta*, katika miaka ya 2000, kwamba hadithi za viumbe visivyo vya kawaida zina watazamaji hapa nyumbani. Nawaomba vijana wa Kasulu na Kibondo wanaojifunza kutengeneza filamu kwa simu na kompyuta: kabla ya kutafuta programu ya kuchora zimwi, kaeni na wazee, waulizeni zimwi hilo linamdai nani.