Ngoma za Gishora na picha za Mewar: sanaa ya wafalme waliotikiswa

Gishora, kilomita chache kutoka Gitega nchini Burundi, husimuliwa kama ukumbusho wa ushindi: Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alimshinda mkuu mwasi Ntibirangwa, kisha akaweka pale ngoma zake na ukoo wa kuzilinda. Mimi nakisoma kisa hiki vingine. Mwezi alizihitaji ngoma kwa kuwa enzi yake ilikuwa na nyufa. Huko Bweru, upande wa Muyinga ya leo, wakuu wa Batare, damu ya mfalme Ntare Rugamba kama yeye, hawakumtii. Mmoja wao, Mbanzabugabo, alijitawala hata Wajerumani walipoingia. Ruciteme na Murimirwa, ngoma maarufu za Gishora, zilikuwa tangazo la nani mwenye nchi. Hoja yangu ni kwamba sanaa ya ikulu hustawi zaidi pale kiti kinapotikisika.

Tazama falme za Rajput, magharibi mwa India, na picha zao ndogo za kushikwa mkononi. Kila ikulu ilikuwa na mtindo wake: Mewar wekundu mkali, Bundi bustani na mawingu ya masika, Kishangarh macho marefu yaliyopinda mithili ya upinde. Uzuri huo umewafanya wengi wasahau tarehe. Picha za Chawand, huko Mewar, zilichorwa mwaka 1605, watawala wa Mewar wakiwa wamejificha milimani wakipigana na Wamoguli; ngome yao ya Chittor ilikuwa imeanguka tangu 1568. Mwaka 1615 wakasalimu amri. Kisha, kati ya 1649 na 1653, Sahibdin na wachoraji wenzake wakaichora Ramayana iliyoagizwa na mtawala wa Mewar, Jagat Singh, ambaye ukoo wake ulijinasibisha na Rama mwenyewe, shujaa wa utenzi huo. Heshima iliyopotea vitani ilitafutwa kwa brashi. Atakayenikanusha kwa Kishangarh, ambako Nihal Chand alichora mapenzi ya Radha na Krishna bila hata mkuki mmoja, akumbuke kwamba bwana wake, Savant Singh, alinyang'anywa kiti na ndugu yake mwaka 1748.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ngoma si picha. Ni kweli, lakini picha zenyewe za Chawand ni ragamala, yaani kila moja inachora rangi na hisia za mahadhi fulani ya muziki. Wachoraji wale hawakuona ukuta kati ya jicho na sikio. Ngoma ya Mwami nayo haikuwa burudani ya jioni. Ilipigwa kwa idhini yake, ikatangaza umuganuro, sikukuu ya mtama, na ikamtambulisha mtawala kwa watu wasiomwona uso.

Je, mambo hayo yaliisha ufalme wa Burundi ulipofutwa mwaka 1966? Ngoma ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka uliofuata serikali ilinusurika jaribio la mapinduzi. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma hizo, na kikundi chochote kitakachopiga nje ya sherehe rasmi kipate kwanza kibali cha wizara ya utamaduni.