Bima ndogo si ndogo

Bima, neno tulilolipata kupitia Wahindi, limezaa majina mawili mitaani: bima kubwa na bima ndogo. Ya pili ndiyo ambayo sheria ya Tanzania inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, na hailipi gari lake. Inamlipa mtu mwingine aliyeumizwa. Jina lake sahihi ni bima ya dhima. Kuiita ndogo kunaficha kazi yake, na hasara inaonekana nje ya barabara. Huko Nassa, mkoani Simiyu, anayeogesha ng'ombe wa wenzake joshoni, sawa na anayeosha na kunyoa mbwa wa watu mjini, hahitaji kwanza kinga ya vifaa vyake. Dawa ikizidi kipimo mnyama akafa, anadaiwa na mwenye mnyama. Hilo deni ndilo dhima.

Atakuwepo wa kusema dhima ni neno la vitabuni, tena wanafunzi wa fasihi wanalijua kwa maana ya kazi au wajibu. Sawa, lakini wajibu ndio hasa unaokatiwa bima hapa. Na "ndogo", kwa wepesi wake wote, haimwambii mteja nani atalipwa.