Njia ya Sirari

Babu yangu alipokwenda kukata mkonge Tanga, hapa nyumbani walijua akifia huko atazikwa huko. Ndivyo ilivyokuwa kwa manamba wengi wa Usukumani: habari ilifika, watu wakakaa matanga bila mwili. Baadaye, Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilipokwisha, askari wetu waliofia Uganda walirudishwa nchini, wakalazwa pamoja Kaboya, Muleba. Heshima kubwa ile, lakini mama hutaka kaburi analoweza kulifagia mwenyewe.

Siku hizi ndugu akifariki Nairobi, ukoo wake hapa Nyashimo unamtaka. Mchango unaanza usiku huohuo kwa simu. Hutafutwa cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa, kibali cha afya, barua ya ubalozi. Gari linavuka mpaka wa Sirari, linapita Tarime, Bunda, Lamadi, hadi hapa. Anayetoka Ulaya kwa ndege huja katika jeneza lenye zinki ndani, limechomelewa pande zote. Wazee wakitaka kumtazama uso, inabidi tuwaeleze taratibu kwa nini haiwezekani.

Herufi moja ya jina kwenye vyeti hivyo ikipishana na pasipoti, safari inasimama. Vijana wanaoondoka nawasihi waache nakala ya pasipoti nyumbani.