Mawe ya Mbale

Ukiona moto ukipita angani juu ya migomba yetu ya Kisii na Nyamira, kabla hujauliza ni nani amerogwa, kumbuka Mbale, hapo Uganda.

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992 kulisikika mngurumo, kisha mawe yakaanguka mjini na mashambani. Yaliyookotwa yalifika kilo 150 hivi. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu 3 na kitu. Kilikuwa kimegonga majani ya mgomba kwanza, hakuumia. Mungu ana walinzi wa ajabu!

Lakini miaka ile ukimwi ulikuwa unamaliza nyumba nzima nzima, dawa hakuna. Wengine waliyasaga mawe yale wakala unga wake, wakiamini Mungu amewatumia tiba. Usiwacheke. Mgonjwa wako akiwa kitandani, wewe hujawahi kushika chochote kilicho karibu? Hata Waefeso walitunza kitu walichosema kimeanguka kutoka mbinguni. Soma Matendo 19:35.

Sisi Gusii hofu yetu haituelekezi kwenye jiwe, hutuelekeza kwa jirani. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Rika la mama zetu.

Leo jioni pitia kwa yule mama anayeishi peke yake karibu nawe. Mpelekee maziwa, ukae kidogo.