Msimamizi wa Mirathi

Mwenye kiwanja akifariki, hati haiendi moja kwa moja kwa watoto. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Tanzania, Sura ya 334, msajili wa hati huandika kwanza jina la mtu aliyeteuliwa na mahakama, kisha huongeza maneno machache yanayoeleza kwamba mtu huyo ameandikishwa kwa nafasi yake ya msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Ndugu wengi husoma jina, wakayaruka maneno yanayolifuata. Ugomvi huanzia hapo.

Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza inawajua watu wawili. Wa kwanza ametajwa na marehemu mwenyewe ndani ya wosia. Wa pili huteuliwa na mahakama pale ambapo wosia haupo, au aliyetajwa ameshindwa kazi. Kiswahili cha pwani kilikuwa na jina la yule wa kwanza tangu zamani: wasii, neno la Kiarabu lililo shina moja na wosia. Leo limesalia zaidi katika cheo cha serikali, Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mitaani wote wawili ni msimamizi wa mirathi, na wakili akitaka kuwatenganisha humwita wa kwanza mtekelezaji wa wosia. Binafsi ningemrudisha wasii. Ni neno fupi, na halihitaji maelezo kwa yeyote anayejua wosia ni nini.

Mirathi nayo si sawasawa na urithi. Urithi ni kile kinachomfikia mtu: shamba, ng'ombe, nyumba ya Tandika. Mirathi ni mali yote ya marehemu pamoja na madeni yake na shauri lenyewe mahakamani, ndiyo maana watu husema kufungua mirathi na kufunga mirathi, wala hawasemi kufungua urithi. Unaweza ukasimamia mirathi usipate urithi hata wa kijiko.

Tunaye msimamizi wa ujenzi, msimamizi wa harusi, na msimamizi wa mtihani, ambaye huzunguka chumbani saa tatu nzima asijibu swali hata moja. Kwa hiyo istilahi inasema kweli kuhusu kazi: kusimama juu ya kitu cha wengine mpaka kiishe salama. Inachokificha ni mamlaka. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kinaikabidhi mali yote ya marehemu kwa msimamizi, na kinamfanya mwakilishi wake kisheria kwa mambo yote. Ndiye anayedai na kudaiwa, na anaweza kuuza mali ili alipe madeni. Mahakama zimeshaamua kwamba halazimiki kupata kwanza ridhaa ya kila mrithi ndipo auze. Warithi wakisikia hivyo hushtuka: "Huyu si msimamizi tu, atauzaje?" Huku yeye mwenyewe, akiliona jina lake kwenye hati, hujiona mwenye nyumba. Neno moja limewapoteza wote, kila mmoja kwa upande wake.

Zanzibar wana msamiati unaoziba pengo hili. Taasisi yao ya mambo haya inaitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtu aliyekabidhiwa amana anayo kweli mkononi, huulizwa kuhusu hiyo na huijibia, lakini haili. Mzee yeyote wa pwani atakueleza hukumu ya amana bila kufungua kitabu cha sheria. Sisemi tubadilishe istilahi iliyokwisha kukaa; nasema hakimu anapomkabidhi mtu barua ya usimamizi, amwambie kwamba amepewa amana.

Kiingereza cha mahakama kilikuwa na jina la pekee kwa msimamizi mwanamke. Kiswahili hakina, na ni afadhali. Hata hivyo mila ilikuwa imeshajaza jinsia palipokuwa wazi: tangazo la sheria za kimila za mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, lilimweka kaka mkubwa wa marehemu au baba yake mbele katika usimamizi, na likambana mjane katika kurithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona Tanzania imekiuka haki za wajane wawili walionyimwa urithi kwa sheria hizo. Vikao vya ukoo bado humpendekeza kaka mkubwa kwa mazoea, kana kwamba vinamsimika mkuu mpya wa nyumba.

Asimikwaye hana hesabu ya kutoa, msimamizi anayo. Mahakama ya Mwanzo inamtaka ndani ya miezi minne awasilishe Fomu Namba V, yenye mali zote na madeni yote ya marehemu, kisha hesabu za mirathi katika Fomu Namba VI. Wilayani na Mahakama Kuu orodha ya mali hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka, na mahakama inaweza kuongeza muda. Mrithi asiyeelewa kinachoendelea hana haja ya kuitisha kikao kingine cha ukoo. Aende masjala ya mahakama iliyotoa barua, aombe kuona jalada, atazame kama Fomu Namba V imo, na kama nyumba ya Tandika imeandikwa.