Sandali Zilizotoka kwa Watawa

Hebu niwaulize. Kikundi chenu cha kanisa kikienda mafungo, huwa mnarudi na nini? Wengi wetu ni picha na fulana. Kuna jamaa alienda kwa watawa Afrika Kusini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akarudi na ufundi wa viatu.

Jamaa ni Hermann Kallenbach, Myahudi kutoka Ujerumani, msanifu majengo mwenye pesa zake Johannesburg. Mwaka wa 1910 alimpa rafiki yake Gandhi shamba la ekari 1,100 litumike bure. Wakaliita Tolstoy Farm. Wahindi walikuwa wanafungwa jela kwa kukataa sheria za ubaguzi, na familia zao zilihitaji mahali pa kukaa. Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo waliishi pamoja pale. Ramadhani ikifika, hata wasio Waislamu walifunga. Nyoka walikuwa wengi, na huyo Kallenbach akafuga swila kwenye kizimba! Pesa zilikuwa chache, so vitu vingi ilibidi wajitengenezee.

Mbali na hapo, huko Natal karibu na Durban, kulikuwa na monasteri ya Mariannhill. Watawa Wakatoliki wa Trapisti, wengi Wajerumani, waliianzisha mwaka wa 1882 kwenye vilima vya joto na mvua, nchi ya tumbili na nyoka wa sumu kali. Hawakula nyama, hawakuongea ovyo, na waliamka saa nane usiku kusali. Halafu kazi: uhunzi, useremala, ngozi, viatu. Kwao jembe na rozari vilienda pamoja. Gandhi mwenyewe aliwatembelea mwaka wa 1895, akiwa wakili wa miaka 25, akaandika makala ya kuwasifu.

Basi Kallenbach akaenda kwao, akajifunza kutengeneza sandali. Aliporudi akamfunza Gandhi, naye Gandhi akawafunza wengine. Baadaye, akiwa jela, Gandhi alitengeneza jozi moja ya Jan Smuts, waziri yule yule aliyekuwa anapigana naye. Alimpa mwaka wa 1914, akijiandaa kuondoka Afrika Kusini. Smuts alizivaa miaka mingi, na mwaka wa 1939 akamrudishia Gandhi alipotimiza miaka 70.

Najua mtaniambia Gandhi aliandika maneno mabaya kuhusu Waafrika, na kwamba University of Ghana iliondoa sanamu yake 2018. Ni kweli, na hiyo hasira naielewa. Hapa sitafuti mtakatifu. Mimi naangalia viatu.

Niliacha chuo, so najua vile huku kwetu kazi ya mikono inachukuliwa: ni adhabu ya aliyefeli. Lakini cheki huo mnyororo. Wakili aliyesomea London alifundishwa kutengeneza viatu na msanifu majengo, naye alifundishwa na watawa ambao majina yao hatuyajui. Hakuna aliyeona amejishusha. Na kati ya barua na hotuba zote za ule ugomvi, kitu ambacho Smuts alivaa mguuni kwake ni kazi ya mikono.

Mkienda mafungo mwezi ujao, ulizeni kama kuna fundi huko. Ukirudi na ujuzi, nitafute unifunze.